Siku Niliyomtoa Mzee Twalibu Leni ya Nne

Mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na kwa kuwa sijui kusahau kwenyewe kutaanza lini, bora niwahi. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Meneja wetu ni msichana mzuri, lakini si kila jambo la ukumbi wa shabaha lazima meneja alijue. Nyinyi mtakaosoma ni vijana wa kwetu mlioajiriwa nyuma yangu, wa Mombasa, wa Nairobi na wa Kongo, mnaosimama sasa pale niliposimama mimi, vifunika masikio shingoni na fulana nyekundu kifuani. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na ufunguo wa stoo. Nitawaeleza nilivyoingia, aliyenifunza, na jinsi nilivyomtoa nje mzee mmoja aliyekuwa ameshika ndoa ya binti yangu mkononi, pamoja na bastola.

Kuingia niliingia kwa haja ndogo. Ilikuwa Januari, barafu imeganda barabarani, na magari yamesimama kwenye I-35 pale Burnsville kana kwamba yameegeshwa. Nikatoka kwenye barabara kuu, nikaona jengo refu lisilo na madirisha, magari tele nje, nikadhani ni duka la mazulia. Kaunta alikuwapo mzungu mrefu mwenye masharubu, akanionyesha choo bila kuniuliza nimekuja kununua nini. Nilipotoka nikamkuta amezidiwa. Wateja wamejipanga hadi mlangoni, na miwani na vifunika masikio vimerundikwa kapuni, kila mtu anachokoa chake. Mimi nilikuwa nangoja miguu ipate joto, basi nikaomba kitambaa chenye maji nikaanza kuvifuta na kuvipanga. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuona kitu kikitoka kichwa kimoja kuingia kichwa kingine bila kufutwa. Foleni ilipokwisha yule mzungu akanitazama, akatazama kapu, akaniuliza kama naweza kuja Jumatatu. Nikamwuliza kwanza mlio ninaousikia nyuma ya ukuta ni wa nini. Akanieleza. Nikamwambia basi Jumatatu nitakuja, lakini mume wangu asijue mpaka Jumanne.

Huyo ndiye Dale. Alikulia shambani kusini mwa jimbo, karibu na mpaka wa Iowa, na maneno aliyatoa kwa kubana kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Miezi ya mwanzo hakuniruhusu kugusa silaha. Alinisimamisha nyuma ya mstari wa manjano na kuniambia nisiwatazame watu usoni. Uso hautaua mtu, alisema, tazama mikono. Nikatazama mikono mpaka nikawa nawatambua wateja kwa vidole vyao. Hata arusini nilikuwa siwezi kujizuia. Shoga yangu akinionyesha pete yake mpya, mimi naangalia kidole cha shahada kimekaa wapi.

Kuna jambo moja alinisifu kwalo bila kustahili, nami sikumsahihisha. Mnajua kwamba ukitoka leni, kile kijia cha kupigia shabaha, lazima unawe mikono kwa maji baridi na sabuni, na uso pia, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi. Dale aliniona adhuhuri na alasiri nipo sinkini, nanawa mikono, nasukutua, nanawa uso, viwiko, hata miguu nainua. Akawakusanya wafanyakazi wote akawaambia, mwoneni Kombo (Mwanakombo lilimshinda), huyu ndiye anayeogopa sumu kama inavyotakiwa. Nilikuwa natia udhu. Wazungu wawili waliniiga mpaka walipoacha kazi, na miguu walikuwa wanaosha.

Mtandio nao uliniletea heshima. Ganda la risasi likitoka kwenye bastola hutoka la moto, na hupenda sana kuingia shingoni mwa mtu. Nimeona wanaume wenye misuli wakicheza ngoma ambayo hawakufundishwa na mama zao, huku wameshika silaha, na hapo ndipo roho hunitoka. Mimi ganda likinijia hugonga mtandio likaanguka. Wapo mabibi wa Eden Prairie waliokuja na blauzi za kifua wazi, nikawaazima mitandio kutoka kwenye kabati langu. Walipendeza. Mmoja hakurudisha.

Sasa kanuni, maana hadithi yote imesimama juu yake. Kwenye ukumbi wetu mtu yeyote, awe mfagiaji wa siku ya kwanza, awe mteja, akiona hatari anapiga kelele ya kusimamisha, na wote huweka silaha mezani, hurudi nyuma ya mstari, wala hawaulizi. Kuuliza ni baadaye. Na anayegeuza mtutu ukaacha kutazama mbele, huyo hutoka siku ile ile, na haruhusiwi kugusa silaha tena mpaka akae darasa zima la usalama kama mwanafunzi mgeni. Hakuna mkubwa wala mdogo. Dale alimtoa mkewe mwenyewe. Alinihadithia kwamba wiki ile alikula supu ya kopo kila jioni, na bibi yule alikaa darasani safu ya mbele akimtazama kwa jicho la kisu.

Kupiga hiyo kelele kulinishinda mwanzoni. Nililelewa Mombasa kwa bibi aliyeamini kwamba sauti ya mwanamke ikivuka ua, heshima nayo imevuka. Dale akinijaribu, mimi nasema "cease fire" kama mtu anayeomba radhi. Akanitoa nje, kwenye uwanja wa magari, theluji inanyesha, akaenda kusimama mwisho kabisa, akaniambia hatarudi ndani mpaka anisikie. Hakuwa na koti. Nilimhurumia mara mbili, ya tatu nikapata hasira na baridi yake na yangu, nikapiga ukelele hata mama mmoja aliyekuwa anapakia vitu kwenye gari aliacha mifuko yake akainua mikono juu. Dale akarudi masikio mekundu, akasema, "Hiyo sasa ndiyo yenyewe."

Kesi ngumu nilikutana nazo. Kijana mmoja alitaka kubandika pete ya uchumba kwenye karatasi ya shabaha ili mpenzi wake aione ikirudi. Tulimkatalia, akakasirika, na yule mpenzi wake akatushukuru kwa siri chooni, maana alikuwa hana nia ya kukubali. Lakini aliyenikaa moyoni ni Mama Neema. Mumewe, watu wa mashariki ya Kongo, alikuja kufanya mazoezi apate kazi ya ulinzi. Yeye alibaki mlangoni, mkoba kifuani, na kila mlio uliotoka nyuma ya ukuta ulimpiga mwilini. Nilimshika mkono nikampeleka chumba cha wafanyakazi, nikampa chai ya tangawizi. Akanywa, akanitazama.

"Mama, ile makelele mimi niliikimbia na watoto mgongoni," akaniambia. "Hapa watu wanalipa juu ya kuisikia? Mon Dieu, hii inchi!"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akalia, nami nikalia naye. Alikuwa akija kila mumewe akija, tunakaa na chai yetu. Hakuwahi kuingia ndani na sikuwahi kumwomba. Muwe mnawatazama na wale wanaobaki mlangoni.

Na jambo jingine mliweke akilini. Bastola kubwa sikuiogopa sana. Kubwa hujitangaza, mtu akiipiga mara moja, mkono unaruka, masikio yanavuma, anaiweka chini kwa adabu. Inayonitia hofu ni ile ndogo, ya tuentitu, yenye risasi nyembamba kuliko penseli. Hairuki, hailii sana, na mtu akishaishika kidogo tu huanza kuongea nayo mkononi kama anayeongea na kijiko.

Mwaka wangu wa mwisho ikaletwa tuentitu mpya ya kukodisha. Meneja aliichagua kwa sababu ya watu kama mimi, maana vifundo vya vidole vyangu siku hizi vikiona Novemba vinaanza kulalamika, na kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola za zamani ilikuwa kama kufungua mlango wa stoo uliogandishwa na barafu. Desturi yetu ni kwamba chombo kipya huonjwa na mfanyakazi mkongwe kabla hakijapewa mteja, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Basi nikaichukua leni ya nne. Nyepesi, mpini umenitosha mkononi, sehemu ya juu inateleza nyuma bila kinyongo. Nikapeleka karatasi mbele kwa kibonyezo, nikamaliza polepole risasi zote za magazini. Matundu yakakusanyika pamoja, yote chini kidogo kushoto, na hilo lilikuwa kosa langu si lake. Mara moja ilikwama, kwani risasi za aina ile huwa na nta na uchafu, nikaisafisha, haikurudia. Niliipenda. Nikamwambia meneja, kifaa ni kizuri na kitatuletea balaa, maana kinafanana na mchezo.

Balaa lenyewe lilikuwa njiani kutoka Eden Prairie.

Binti yangu Swafiya, muuguzi, alikuwa amependana na Idrisa, kijana mstaarabu aliyelelewa hukuhuku. Baba yake Idrisa ni Mzee Twalibu, mtu wa Lamu anayekaa Eden Prairie, mwenye magari ya kuwapeleka wagonjwa kliniki, na mwenye majani mbele ya nyumba yanayokatwa na mtu mwingine na kusifiwa na yeye. Ilibaki kuletwa posa. Posa haikuja. Mzee aliwaambia watu kwamba na binti hana ugomvi, lakini mama yake anashinda na bunduki kutwa, na kwao Lamu hilo halijaonekana. Nami nilipokutana naye kwenye Idi, akanirudia yale yale usoni, kwa upole wote.

"Bi Mwanakombo, kwetu hilo si jambo la kawaida," akasema.

"Kwetu pia si la kawaida, Mzee Twalibu," nikamjibu. "Lingekuwa la kawaida angefanya kila mtu, mimi nisingeajiriwa."

Hakucheka. Idrisa alitaka kusema wafunge ndoa hata baba akinuna, lakini Swafiya alikataa. Alisema hataki arusi ambayo baba mtu yu hai, yu mjini, na kiti chake kitupu. Kwa hiyo yote yakabaki kwenye ulimi wa yule mzee. Hapo Idrisa akaja na wazo lake.

"Mama, Baba anataka ku-see hiyo kazi kwanza," akaniambia. "Nimemwambia a-try kitu kidogo tu. Aki-feel vile mko safe, atakuwa sawa."

"Mlete," nikamwambia.

Swafiya akanifuata jikoni. "Mum, please. Just be nice."

"Mimi lini sikuwa nice?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, nikamwambia inatosha.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Mzee Twalibu alishushwa mlangoni na mwanawe, ambaye akaenda kutafuta pa kuegesha. Alikuja na kanzu safi chini ya koti zito na kofia ya Lamu iliyodariziwa vizuri, na nikasema kimoyomoyo, haki ya mtu mpe, mzee amependeza. Nikampa miwani, nikampa vile vifunika masikio vya betri, ambavyo hukata kishindo lakini sauti ya mtu huipitisha vizuri. Nikamweleza kanuni moja moja. Akaitikia zote kama mtu anayesikiliza tangazo ndani ya ndege. Nilipofungua kisanduku na kumwonyesha ile tuentitu mpya, akaangua kicheko.

"Hii bastola au kiberiti cha gesi?"

"Ni bastola, Mzee wangu. Inaua."

"Inaua panya."

"Na mwenye panya," nikasema.

Nikamsimamisha leni ya nne, mimi begani kwake. Alipiga ya kwanza, akatoa macho. Ya pili ikachana pembe ya karatasi. Ya tatu ikaingia karibu na katikati, na hapo mzee akawa kijana. Akageuza kichwa kunitazama, meno yote nje, nami nikamwonyesha kwa kidole, mbele, Mzee, mbele. Wallahi nilikuwa nimefurahi. Nilimwona amelegea, nikaiona posa inakuja na siniya zake.

Ndipo mlango wa pili ukafunguka, Idrisa akaingia. Mtoto huyo amelelewa vizuri. Haingii mahali alipo babake bila kutoa salamu, hata mahali penyewe pawe na moshi wa baruti.

"Asalaam aleikum!" akasema, kwa sauti, ili ipite masikioni.

Na Mzee Twalibu naye amelelewa vizuri. Salamu ni deni, na haijibiwi kwa mgongo. Akageuka mwili mzima. "Waaleikum salaam warahmatullahi," akasema, na mkono wa kulia, kwa mazoea ya umri wake wote, ukaanza kunyanyuka kwenda kuupokea wa mwanawe. Lakini mkono wa kulia ulikuwa na bastola. Mtu muungwana hatoi mkono wa kushoto. Basi akafanya kile ambacho mgeni mwingine yeyote wa Burnsville asingekifanya: akaihamishia bastola mkono wa kushoto, kidole ndani ya kifyatulio, ili apate wa kulia wa kusalimia. Mtutu ukapita kifuani kwangu, ukapita kwa bwana wa leni ya tano, ukatulia ukitazama tumbo la Idrisa. Adabu ya mtoto na adabu ya baba zimekutana, na katikati yake kuna tundu dogo jeusi.

Niliogopa. Nawaambieni bila haya, miaka yote ile sijaogopa vile.

Nilipiga ule ukelele. Leni zote zikanyamaza, bastola zikalala mezani, watu wakarudi nyuma ya mstari. Yeye tu hakusikia kwamba ameambiwa yeye. Alikuwa bado ananyoosha mkono. Hapo Kiingereza kikanitoka kichwani, heshima nayo ikakifuata.

"Wee Twalibu! Weka hiyo chini!"

Wee. Bila Mzee, bila Bwana, jina kavu, kama anayemwita mtoto aliyepanda juu ya kabati. Tena nikamshika kifundo cha mkono, mwanamume asiye maharimu wangu, mbele ya mwanawe, nikauzungusha mpaka mtutu ukatazama mbele, nikaubana mezani. Nikatoa magazini. Nikavuta sehemu ya juu nyuma, na risasi iliyokuwa imeingia tayari ikaruka, ikagonga meza, ikabingirika. Sote watatu tukaitazama mpaka ikasimama.

"Mzee Twalibu," nikasema, sauti sasa imenirudia, "leo umemaliza. Tafadhali toka nje."

"Wanifukuza?"

"Nakufukuza."

"Mbele ya mwanangu?"

"Mwanao alikuwa mbele ya mtutu. Ndiyo sababu."

Akavua miwani, akavua vifunika masikio, akaviweka kapuni mwenyewe taratibu, akatoka na kofia yake imenyooka. Idrisa akanitazama, akatazama mlango, akamfuata babake. Pale kwenye mstari wa manjano nikaitazama mikono yangu mwenyewe, kama nilivyofunzwa.

Meneja alikuja na huruma yake. Akasema kwa kuwa ni mambo ya familia, tunaweza kulihesabu onyo tu, mzee arudi wakati wowote. Nilimshukuru nikakataa. Nikimpitisha huyu kwa sababu nataka mwanawe amwoe binti yangu, yule bwana wa leni ya tano nitamwambia nini? Jioni nilimpigia simu Dale, ambaye siku hizi anaishi kaskazini kando ya ziwa na huongea hata kidogo zaidi. Nikamweleza yote.

"Supu ya kopo si mbaya," akasema. "Ukiizoea."

Nyumbani kwangu New Hope haikuwa supu, ilikuwa kimya. Swafiya alirudi zamu, akavua viatu, akapita. Usiposemeshwa na binti unayempenda, hata friji husikika ikinguruma. Siku ya kunisemesha alisimama mlangoni mwa chumba changu, bado na nguo za hospitali.

"You couldn't let it go? Just once?"

"Nikiiacha kanuni kwa huyu, kwa nani mwingine nitaishika, mwanangu?"

"He called him *wee*, Mum. Everybody's saying it. Mama Swafiya alimwambia Mzee Twalibu *wee*." Alikuwa amechanganyikiwa hata nani kamwita nani. Kisha akaanza kulia. "Nampenda, Mum."

Alilisema kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili hukitumia akiwa hana pengine pa kwenda. Nilimkumbatia. Nilimwambia namsikitikia, na nilimsikitikia kweli. Nikamwambia vilevile kwamba nikirudishwa leni ya nne asubuhi ile nitafanya yale yale, ila pengine ningesema "Wee Mzee Twalibu", ili kuwe na heshima kidogo. Akacheka katikati ya machozi, akanipiga kwa mto.

Majuma yakapita, theluji ikayeyuka, ikarudi kama kawaida yake kututania. Posa haikuja. Likafika darasa langu la mwisho la usalama kabla ya kustaafu. Naingia na kisanduku changu cha bastola za plastiki, nawaona wanafunzi: kina mama wawili, mwanafunzi wa chuo, mume na mke waliokuwa tayari wamegombana. Na safu ya mbele, katikati, kanzu safi, kofia ya Lamu, Mzee Twalibu. Nje ya kioo cha darasa amesimama Idrisa aliyemleta, ameinua mabega juu kuniambia hata yeye hajui lolote. Nikampigia Swafiya simu, nikamwambia aje, bila kumwambia kwa nini.

Mzee hakuniamkua zaidi ya salamu ya darasa. Alisikiliza kila neno. Kila niliposimama alinyoosha mkono, na maswali yake yalikuwa ya kunitega. Je, mtu akipiga chafya? Je, nyuki akiingia? Je, mwalimu mwenyewe akikosea, nani anamtoa? Nikamjibu kwamba mwalimu hutolewa na yeyote, hata na yeye. Akarudia "hata mimi" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepewa kitu na anakipima uzito. Mwisho wa darasa aliifungua bastola ya plastiki, akaikagua, akaiweka mtutu mbele, vidole nje, bila kosa hata moja. Ikanibidi nimpitishe, na sikupendelea mtu.

"Sasa nakitaka kile kiberiti," akasema.

Leni ya nne ilikuwa wazi. Safari hii nilimpeleka mwenzangu asimame begani kwake, nami nikaingia kwenye kibanda cha mwangalizi, nyuma ya kile kioo kizito kisichopita risasi, penye kipaza sauti cha kutangazia ukumbi mzima. Swafiya alikuwa amefika, yuko nyuma yangu na koti lake, na Idrisa kando yake, hawashikani mikono kwa sababu mimi nipo. Mzee akapeleka karatasi mbele. Akapiga moja. Akapiga ya pili. Mgongo umenyooka, mabega yametulia, hatazami pembeni.

Mimi ni mtu mzima na nilikuwa nastaafu. Nani angenifanya nini? Nikabonyeza kipaza sauti.

"Mum, no," Swafiya akaninong'oneza.

"Asalaam aleikum, Mzee Twalibu," nikasema, na leni zote zikasikia.

Nikaona mabega yake yakishtuka. Nikaona mguu wa kulia ukitaka kugeuka, ukiwa na miaka yote ya malezi ya Lamu ndani yake. Ukasimama. Akashusha bastola mezani, mtutu mbele. Akatoa magazini. Akavuta sehemu ya juu nyuma, akachungulia ndani, akatia kibendera cha plastiki cha kuonyesha haina risasi. Akaondoa mikono, akarudi nyuma ya mstari wa manjano, na salamu yangu ikamngoja muda wote huo bila kuharibika. Ndipo akageuka mwili mzima kuelekea kioo, akaweka mkono wa kulia kifuani, na akasema kwa sauti ya mtu aliyeamua kwamba kila mmoja amsikie:

"Waaleikum salaam, mkwe."

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na mimi ni mama wa bibi arusi, nisingeweza kuzuia. Nilipiga kigelegele kirefu cha Mombasa ndani ya ukumbi ule wote, na leni kwa leni, wazungu kwa waswahili, wakaweka silaha mezani, wakarudi nyuma ya mstari, na hakuna aliyeuliza.